Miguu ya Shangazi

Jumapili, saa nne usiku, hapa hapa Mlimani.

Najua nimepotea. Tangu nirudi likizo sijaandika hata mstari mmoja, na wengine mmeshaanza kuniuliza kulikoni. Sikudisko, sina sapu, na bumu lilishatoka (na limeshaisha, hilo tuliache). Kilichoninyamazisha ni jambo lililonikaa kifuani tangu nyumbani Tarime, na leo nimeona bora nilitoe. Chukua chai yako kabisa, maana leo ni ndefu na katikati nitakupitisha kwenye baiolojia kidogo. Usikimbie. Bila baiolojia hiyo huwezi kuelewa kilichotokea kwetu.

Nianze na Shangazi. Nyumbani kila mtu anamjua. Anatembea kwa fimbo mbili, magoti yamegusana, miguu imekakamaa kama imefungwa kamba, na anatua kwa vidole, kisigino hakigusi chini. Hana kidonda, hana maumivu, mikono yake ina nguvu kuliko yangu. Anashona kwa cherehani ya mkono kwa sababu ya miguu hawezi kuikanyaga, na sare za shule za nusu ya kijiji zimepita mikononi mwake. Hakuzaliwa hivyo. Alikuwa mtoto wa kukimbia na mbuzi mpaka mwaka 1985, akiwa na miaka 9. Siku moja alikwenda kisimani mzima, wakati wa kurudi miguu ikatetemeka, akaanguka na ndoo. Kesho yake hakusimama. Baada ya wiki kadhaa akasimama kwa kushikiliwa, na hapo alipofika ndipo alipo mpaka leo. Haikuzidi, haikupungua.

Sisi watoto tulikua tukijua sababu. Babu alikuwa na wake wawili, bibi yangu ndiye mkubwa. Tuliambiwa Bibi Mdogo alimroga mtoto wa mwenzake kwa wivu. Na ushahidi ulikuwepo bwana! Mwaka ule wa njaa mtoto wa Bibi Mkubwa alipooza miguu, lakini watoto wa Bibi Mdogo, boma hilo hilo, muhogo huo huo, hawakuguswa hata mmoja. Baba yangu alinusurika kwa sababu alikuwa kwa wajomba zake ng'ambo ya mpaka, Kehancha. Kesi ikaamuliwa hivyo. Mwaka 1987 Bibi Mdogo akarudishwa kwao na watoto wake. Baba zangu wadogo wale niliwaona mara moja tu, kwenye msiba wa Babu, wakakaa pembeni, wakaondoka kabla ya chakula.

Sasa tuje Mlimani. Mwaka huu tulikuwa na somo la fiziolojia, na muhula mzima ulikuwa ni seli ya neva. Mimi nilidhani nalijua, si tulisoma sekondari? Kumbe tulikuwa tunakariri mchoro.

Seli ya neva ina mwili wake wenye kiini, kama seli nyingine. Kwenye mwili huo kuna matawi mafupi mengi, dendraiti, hayo ndiyo masikio yake: yanapokea habari kutoka kwa seli nyingine. Halafu kuna mkia mmoja mrefu unaitwa aksoni, huo ndio mdomo: unapeleka habari mbele. Mkia huu usiuone mdogo. Mwili wa seli huwezi kuuona bila hadubini, lakini aksoni inayotoka chini ya mgongo kwenda kwenye kidole gumba cha mguu inafika karibu mita moja kwa mtu mzima. Seli moja, wadau! Ni kama mtu amekaa kibandani Sirari na mkono wake unafika Mwanza.

Habari inapitaje? Hapa ndipo wengi tunapokosea, tunadhani ni kama umeme wa waya: washa swichi huku, taa inawaka kule. Sivyo. Chukua boma la ng'ombe (sisi watu wa Tarime mfano wa ng'ombe hatuukosi, na msianze utani wenu wa wizi wa mifugo). Ukuta wa boma ni utando wa seli. Nje kuna chembe za sodiamu zenye chaji chanya zimejazana. Ndani kuna potasiamu nyingi, nayo ina chaji chanya, ila huwa inavuja nje polepole na kuacha ndani pawe hasi. Ukipima tofauti kati ya ndani na nje unakuta kama milivolti 70 upande wa hasi. Hiyo ni seli iliyotulia. Haifanyi kitu, lakini ina hali ya kusubiri.

Hali hiyo haiji bure. Kuna pampu kwenye utando, mlinzi wa geti, ambaye kila zamu anatoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani. Usiku na mchana. Mlinzi huyo anakula nguvu si mchezo. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unatumia kama asilimia 20 ya oksijeni yote ambayo mwili unaitumia, na sehemu kubwa ya matumizi hayo ni kulipa pampu hizi.

Sasa ukiigusa seli, milango midogo ya sodiamu inafunguka pale mwanzoni mwa mkia. Ng'ombe wa nje wanaingia kwa kishindo. Ndani, kutoka hasi 70, panapanda mpaka kama chanya 30 au 40. Mara milango ya sodiamu inajifunga, ya potasiamu inafunguka, potasiamu inatoka, hali inarudi kama zamani. Yote hayo ni kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Lakini kule kuingia kwa sodiamu kumeshaigusa milango ya jirani, nayo inafunguka, na jirani wa jirani, na jirani yake tena. Ni kama moto kwenye nyasi kavu za Serengeti mwezi wa nane: nyasi hazisafiri, kila unyasi unawasha mwenzake, na moto unakwenda mbele tu, maana nyuma pameshaungua. Tofauti ni kwamba kwenye neva nyasi zinaota tena papo hapo. Na hakuna moto nusu: seli ama imewaka ama haikuwaka.

Waliotuonyesha mambo haya kwa hesabu kamili ni Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley. Mwaka 1952 walichapisha kazi yao waliyoifanya kwenye aksoni nene ya ngisi. Ndiyo, ngisi huyu huyu wa Feri. Aksoni yake inafika unene wa nusu milimita au zaidi, unaweza kuingiza kiwaya ndani yake. Mwaka 1963 wakapata tuzo ya Nobel pamoja na John Eccles.

Wa kwetu sisi aksoni ni nyembamba mno, kwa hiyo mwili umepata ujanja mwingine. Aksoni za haraka zimevikwa mafuta yanaitwa mayelini, kama mpira juu ya waya, ila mpira umekatwa katwa na kuacha mianya midogo midogo, vifundo vya Ranvier. Habari haichomi unyasi mmoja mmoja, inaruka kutoka mwanya hadi mwanya, kama mtu anavuka mto kwa kukanyaga mawe. Bila mayelini habari inatambaa mita moja au mbili kwa sekunde, hata chini ya hapo. Ikiwa na mayelini kwenye aksoni nene inafika mita 100 na ushee kwa sekunde. Mwisho wa mkia hakuna tena umeme: seli inamwaga kemikali kwenye upenyo mdogo, sinapsi, na seli ya upande wa pili inaonja kemikali hiyo na kuamua iwake au isiwake.

Sawa. Sasa nikubebeshe jambo la mwisho kabla hatujarudi nyumbani. Kwenda kwenye msuli kunahitaji seli mbili kupokezana. Ya kwanza, ya juu, mwili wake uko kwenye gamba la ubongo na mkia wake unashuka ndani ya uti wa mgongo. Ya pili, ya chini, inaanzia kwenye uti wa mgongo kwenda kwenye msuli wenyewe. Ya chini ikifa, msuli unalegea na kunyong'onyea, kama kwenye polio. Ya juu ikiharibika, mambo yanakuwa kinyume: msuli unakakamaa. Kwa nini? Kwa sababu huko chini kwenye uti wa mgongo kuna mzunguko mfupi unaojiendesha: ukivuta msuli, habari inaingia mgongoni na kurudi hapo hapo ikisema jikaze. Ndio ule mchezo wa daktari kugonga chini ya goti na mguu unaruka. Njia za kutoka ubongoni, pamoja na kutoa amri, ndizo breki ya mzunguko huo. Breki ikikatika, mguu unajikaza wenyewe muda wote, na ukigonga goti unaruka kama umepigwa teke.

Mwalimu alipofika hapo, akaonyesha kwa mikono mtu wa namna hiyo anavyotembea. Magoti yanagusana, vidole chini, visigino juu. Mimi nikaacha kuandika. Nilikuwa namwona Shangazi.

Nikatoka pale mpaka maktaba mpya, nikakaa kwenye kompyuta, nikaanza kutafuta. Miguu yote miwili, ghafla, mtoto, haizidi, hisia ziko sawa. Haikuchukua hata nusu saa. Nikaona neno moja: konzo. Nikafungua makala ya jarida la Brain la mwaka 1990, na katikati ya Kiingereza cha watu nikakuta jina Tarime.

Jamani. Umewahi kukutana na jina la kwenu mahali usipolitegemea? Nilisimama nikakaa tena. Mwaka 1985, wakati wa ukame, Wilaya ya Tarime (enzi hizo Rorya haijakatwa, imekatwa 2007), watu walipooza miguu ghafla. Makala inahesabu 39. Walioandika ni William Howlett, daktari wa mishipa ya fahamu ambaye ameifanya kazi miaka mingi KCMC Moshi, Brubaker aliyekuwa hospitali ya Shirati, Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, na Hans Rosling, yule Mswidi aliyekuja kuwa maarufu kwa takwimu zake. Rosling alishauona ugonjwa huu Msumbiji mwaka 1981, mkoa wa Nampula, ambako zaidi ya watu 1,000 walipatwa. Jina lenyewe limetoka Kongo, kwa Wayaka wa Kwango, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika huko mwaka 1938.

Na sababu? Muhogo.

Muhogo mchungu una kitu kinaitwa linamarini. Ukiupondaponda, linamarini inakutana na kimeng'enya kilichomo humo humo kwenye muhogo, mwishowe inatoka sayanidi. Ndiyo sumu, lakini ni sumu inayoruka hewani kwa urahisi, ndiyo maana mabibi zetu wa Kanda ya Ziwa wana kazi ile ndefu ya udaga: menya, vundika au loweka siku kadhaa mpaka ulainike, pondaponda, anika juani, ndipo usage. Kila hatua inaifukuza sumu. Hakuna aliyewafundisha kemia, wamerithi. Na watu wanaupenda muhogo mchungu kwa sababu hauibiwi ovyo, nguruwe hawaugusi, na ukame hauui.

Tatizo ni mwaka wa njaa. Ukame wenyewe unaongeza sumu kwenye muhogo. Halafu watoto wanalia, huwezi kungoja siku tano. Unaanika siku moja, unatwanga, unasonga jioni hiyo hiyo. Tena na tena, wiki hadi wiki, bila mboga ya maana. Na mboga ndiyo ufunguo. Mwili una njia ya kuitengua sayanidi na kuitoa kwenye mkojo, ila njia hiyo inahitaji salfa, na salfa hiyo inatoka kwenye protini: samaki, nyama, mayai. Mwenye mboga anaweza kula muhogo ule ule akabaki salama. Asiye na mboga sumu inabaki mwilini. Sayanidi inaziba mahali seli inapotengenezea nguvu, na sasa unakumbuka yule mlinzi wa geti anayekula nguvu usiku na mchana. Jinsi hasa inavyochagua zile seli za juu, wataalamu bado wanabishana, wapo wanaozilaumu zaidi kemikali zinazobaki baada ya sayanidi kutenguliwa. Lakini kwamba ni seli za juu, na kwamba zenye kwenda miguuni zinaumia zaidi, hilo halina ubishi. Wanaoupata zaidi ni watoto na akina mama.

Nilisoma mpaka walinzi wakaanza kuzima taa. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Kuna jambo moja tu lilikuwa linazunguka kichwani: kwa nini watoto wa Bibi Mdogo hawakuugua. Maana jibu nilikuwa nalijua tangu mtoto. Kaka zake Bibi Mdogo ni wavuvi. Kila mwezi walikuwa wanamletea dada yao dagaa kutoka ziwani.

Nikamweleza jamaa ninayeishi naye chumbani, yeye ni wa Mugumu. Akanisikiliza, kisha akaniambia, "Mzee, kwetu tulikuwa hivyo na kichaa cha mbwa." Akanikumbusha kwamba kirusi cha kichaa cha mbwa nacho kinasafiri ndani ya aksoni, kinapanda kinyumenyume kutoka kwenye jeraha mpaka ubongoni, ndiyo maana aliyeng'atwa mguuni anaweza kukaa wiki au miezi mzima, halafu ghafla anashindwa kunywa maji. Pale katikati, kwenye ile miezi ya ukimya, ndipo watu wanapotafuta mchawi. Wilaya ya Serengeti walichanja mbwa vijijini kuanzia mwaka 1996, na matokeo yaliyochapishwa 2003 yalionyesha kichaa cha mbwa kikishuka na watu wanaokwenda hospitali kwa kung'atwa wakipungua. "Mbwa wakachanjwa, wachawi wakapungua," akasema jamaa. Tukacheka. Lakini akaongeza kitu ambacho hakikunichekesha: "Wewe ukienda kusema ni muhogo, unajua unamwambia nani? Aliyeupika."

Hapo ndipo lilipo tatizo langu wadau. Aliyeupika ni Bibi yangu. Ana miaka themanini na kitu. Nikinyamaza, mama wa watu anakufa akiitwa mchawi. Nikisema, nampa bibi yangu mzigo wa miaka arobaini. Basi nikaondoka Dar na hilo, nikasafiri nalo kutwa nzima, nikashuka nalo Tarime.

Siku tatu sikusema kitu. Siku ya nne jioni Shangazi alikuwa kwenye cherehani yake, Bibi anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwambia, "Shangazi, naomba nikugonge goti." Akacheka, "Umefeli udaktari wanyama unataka kunianza mimi?" Nikamgonga chini ya goti kwa ubavu wa kiganja. Mguu uliruka mpaka ukapiga meza. Nikashika wayo, nikausukuma juu ghafla, ukaanza kudunda wenyewe, dududududu, haukomi. Shangazi akasema huwa unafanya hivyo ukikanyaga vibaya. Bibi akaweka ungo chini.

Nikachora kwenye vumbi kwa kijiti. Kichwa, mgongo, mguu. Seli ya juu, seli ya chini. Nikawaambia hii ya chini nzima, ndiyo maana mguu unaruka. Hii ya juu ndiyo iliyoungua mwaka 1985, na waliougua mwaka huo Tarime si yeye peke yake, wameandikwa 39, kitabu kiko chuoni. Nikafika kwenye muhogo. Nilijitahidi kusema kwa adabu. Nikasema mwaka ule hakuna aliyekosa, ilikuwa njaa, na muhogo wenyewe ulizidi ukali kwa jua. Nikasema mwenye samaki alipona kwa sababu ya samaki.

Bibi hakunitazama. Akauliza, "Samaki hata dagaa?"

"Hata dagaa, Bibi."

Akanyamaza muda mrefu, mpaka nikasikia kuku wanapanda mtini. Halafu akasema, "Aliniletea dagaa. Bakuli zima. Nikaona ananitega na watoto wangu. Nikawamwagia kuku."

Sikuwa na jibu. Hakuna somo la fiziolojia lenye jibu la hapo. Ni Shangazi aliyesema, na aliendelea kuzungusha cherehani wakati anasema: "Mama, siku ile nilikula ugali wangu nikashiba. Nakumbuka nilishiba. Watoto wengine kule kwa jirani walizikwa na njaa." Basi. Hakuongeza.

Siku mbili Bibi hakula vizuri, na mimi nilijilaumu kweli kweli. Siku ya tatu asubuhi akaniita, nikamwamkia, "Shikamoo Bibi," akaitika, "Marahaba," kisha akaniuliza kama yule mama anapatikana kwenye simu. Nikamtafuta baba mdogo anayekaa naye Bunda. Kidogo akate, alidhani ni msiba. Simu ikapewa Bibi Mdogo. Niliiweka sauti ya juu kwa sababu Bibi masikio yamechoka, kwa hiyo niliyasikia yote. Waliamkiana kwa Kikurya kirefu. Wakaulizana mvua. Wakaulizana ng'ombe, magoti, wajukuu. Nikadhani wataishia hapo. Mwishoni Bibi akasema, "Zile dagaa zako, nilikosea." Upande wa pili kimya, mpaka nikaangalia kama salio limekwisha. Kisha Bibi Mdogo akasema, "Zilikuwa dagaa nzuri."

Hakusema amesamehe. Baba mdogo naye baadaye alinipigia akaniambia nisidhani simu moja inafuta miaka yote ile aliyokulia kwa wajomba akiitwa mtoto wa mchawi. Ana haki. Sikubishana naye. Ila Desemba amesema atampeleka mama yake Tarime siku moja tu, aone.

Kabla sijaondoka nilifanya jambo moja la manufaa. Kuna njia rahisi ya kupunguza sumu kwenye unga uliokwisha sagwa, aliibuni Howard Bradbury wa Australia: unalowanisha unga kwa maji, unautandaza mwembamba juu ya mkeka, unauacha kivulini saa 5 au juani saa 2, halafu unasonga siku hiyo hiyo. Kongo wamewafundisha akina mama vijijini na konzo mpya zikakoma huko. Hiyo ni juu ya kazi ya kawaida ya udaga, si badala yake. Na msidhani ni mambo ya zamani tu, maana konzo ilirudi Tanzania hii hii kusini, Mtwara na Mbinga, kati ya 2001 na 2003. Nikawaeleza wamama waliokuja kuchukua sare kwa Shangazi. Mmoja akaniuliza kama na miguu ya Shangazi itapona. Nikamwambia hapana, seli ile ikishaharibika haioti tena, lakini haitazidi pia. Shangazi akadakia, "Basi lete hiyo sare nipime, ambayo haizidi wala haipungui ni mimi, mtoto wako anakua." Watu wakacheka.

Mtihani wa fiziolojia nilipata B+. Swali la pili lilisema, eleza kwa mchoro tofauti kati ya kuumia kwa seli ya juu na seli ya chini. Nilichora ile ile niliyokuja kuichora tena kwenye vumbi. Mkononi nilikuwa na dakika kumi zimebaki nikazitumia kuchora fimbo mbili pembeni, sijui hata kwa nini. Msahihishaji kazizungushia duara jekundu na kuweka alama ya kuuliza.

Ngoja niishie hapa, jamaa amezima taa na kesho saa moja kuna maabara. Ukienda kwenu msimu huu wa kiangazi, angalia wanaanikaje muhogo. Na kama kuna mtu kijijini kwenu anatembea na miguu iliyofungwa, muulize ilianza mwaka gani.

Tuko pamoja.